Paa Likiezuliwa, Kazi ya Mtoto Iwekwe Wapi?

Mvua za masika zikishakatika, kwetu Ilagala, kando ya Ziwa Tanganyika, huingia msimu wa mafundi. Mabati yaliyotoboka hushushwa, kuta zilizoliwa na maji huko chini hukandikwa upya, choo kilichotitia huchimbwa mahali pengine, na mwenye uwezo huongeza chumba. Kazi hizi hazina miezi mingine. Kuanzia Oktoba au Novemba mvua hurudi, na nyumba iliyokutwa wazi hupata hasara juu ya hasara. Miezi hiyohiyo ya kiangazi ndiyo yenye likizo ya shule ya Juni, watoto wanapokuwa nyumbani kutwa na mikono yao haitulii: huyu anasuka mkeka, yule anakunja gari la waya, mwingine anafinyanga ng'ombe wa udongo. Mwaka 2024 likaongezeka jambo la tatu. Upande wetu wa Ziwa Tanganyika ulifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Akina baba waliozoea kukesha majini na kulala mchana wakabaki nyumbani.

Fundi, baba na mtoto mwenye kazi yake ya mikono wakikutana katika uwanja mmoja, anayeambiwa apishe ni mtoto. Jambo hili nataka tulitazame kwa makini, kwa sababu ni la malezi kabla ya kuwa la ujenzi. Mzazi ana wajibu wa kuitengeneza nyumba. Ana pia wajibu wa kuilinda kazi ya mikono ya mtoto wake. Wajibu huu wa pili haufutwi na ule wa kwanza, hata katika wiki ile ambayo paa limeezuliwa na vyombo vyote viko nje.

Simlaumu mzazi anayeiharakisha nyumba yake. Tunaishi karibu na mahali Mto Malagarasi unapomwaga maji yake ziwani, na maji ya sehemu kubwa ya magharibi ya nchi hii hupita kwetu kabla ya kutulia. Ziwa nalo haliketi mahali pamoja. Henry Morton Stanley, aliyekutana na Livingstone pale Ujiji mwaka 1871, aliporudi mwaka 1876 aliikuta miti mitatu aliyoiacha ikiwa imesimama sokoni sasa iko ndani ya maji. Mwaka 1878 ziwa lilifikia kilele chake, kisha Mto Lukuga upande wa Kongo ukafungua njia na maji yakashuka. Mwaka 1964 yakapanda tena. Kuanzia mwaka 2020 tumeyaona kwa macho yetu yakiingia kwenye mialo na nyumba za kando ya ziwa, huko Kigoma na kwa majirani zetu wa Burundi. Mtu wa mwambao huu hahitaji kuhubiriwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Anajua kwamba hata ukuta wenyewe unaweza kuondoka.

Lakini wahenga waliotuachia methali hiyo walituachia na nyingine: mcheza kwao hutunzwa. Ile ya kwanza tunaitii. Hii ya pili tunaisema harusini na kuisahau nyumbani. Mtoto anayebuni kitu kwa mikono yake anacheza kwao, na watu wa kwanza wanaopaswa kumtunza ni wa nyumba yake. Kama hatunzwi hapo, sijui atatunzwa wapi.

Mchukue binti wa miaka kumi na miwili anayesuka mkeka wa ukindu. Majani yamekatwa yakiwa machanga, yameanikwa juani hadi yakawa meupe, yamechanwa kuwa vipande vyembamba vya upana mmoja, na mengine yamechemshwa na rangi. Kabla ya kusuka, binti huyanyunyizia maji yalainike, kwa sababu yakiwa makavu hupasuka kati ya vidole. Anachokisuka kwanza ni ukili, utepe mrefu anaouviringisha kadiri unavyokua, na ukishatosha ndipo utashonwa ubavu kwa ubavu hadi uwe mkeka. Katika kusuka anahesabu: vipande vingapi vyeupe, vingapi vyekundu, ua lirudi baada ya mikunjo mingapi. Hesabu hiyo haikuandikwa popote, anayo yeye kichwani. Na ukili una udhaifu mmoja: ncha isipofungwa, hufumuka.

Sasa fika siku ya kuezua. Watu wanabeba kila kitu nje kwa haraka: vitanda, masufuria, gunia la mihogo mikavu, dumu la mawese. Ukili unatupwa juu ya rundo la mbao kwa kuwa hakuna aliyeagizwa auangalie. Mchana saruji inachanganywa pembeni yake. Jioni binti anauokota ukiwa umefumuka karibu pima nzima, vipande vimekunjika, rangi imefunikwa na vumbi la kijivu. Mama naye amechoka, anamwambia, "Si majani tu, mwanangu? Utasuka mwingine." Mama hajasema kwa ubaya. Ila amemfundisha binti mambo mawili siku hiyo. La kwanza ni kwamba kazi ya mkubwa ni kazi na kazi ya mdogo ni takataka. La pili ni kwamba ukianza kitu, usitegemee kukimaliza. Mafunzo hayo yatadumu kuliko lipu iliyopigwa siku ile.

Hapa naomba nieleweke. Sisemi mkeka usimamishe ujenzi. Mvua haimsubiri msusi, wala fundi aliyelipwa kwa siku hawezi kuketi akingoja gari la waya liishe. Ukarabati lazima usitishe mambo mengi nyumbani, na mtoto naye lazima ajifunze kusitisha. Kinachomuumiza ni namna kazi yake inavyosimamishwa. Kazi iliyosimamishwa kwa adabu hurudiwa. Iliyotupwa nje huleta uchungu, na mara nyingi mtoto haigusi tena.

Ziwa letu lina ushahidi wa jambo hili. Meli tunayoiita Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa makasha hadi Kigoma na kuunganishwa upya. Iliingia majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani walilazimika kuondoka Kigoma, wakaizamisha wenyewe isiangukie mikononi mwa adui. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito ili maji yasiile. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kubeba abiria na mizigo. Waliopaka grisi hawakujua nani angeiibua wala lini. Walijua tu kwamba kitu kilichotengenezwa kwa jasho hakiachwi ovyo, hata pale unapolazimika kukizamisha. Adabu hiyo ndiyo ninayoiombea kazi za watoto wetu siku ya kuezua paa.

Sheria pia ipo upande huu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 9, inataja haki za mtoto kutoka kwa wazazi au walezi wake: uhai, utu, heshima, muda wa mapumziko na burudani, uhuru, afya, elimu na makazi. Tazama kwamba makazi na mapumziko vimewekwa pamoja. Mtunga sheria hakusema mzazi ampe mtoto nyumba kwanza, na furaha yake ije baadaye pesa zikibaki. Vilevile mikataba miwili ambayo nchi yetu imeiridhia inakutana kwa namna ya pekee. Ibara ya 31 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, wa mwaka 1989, inamhakikishia mtoto kupumzika, kucheza na kushiriki sanaa. Ibara ya 31 ya Mkataba wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto, wa mwaka 1990, inamwekea mtoto wajibu kwa familia yake: kuwaheshimu wazazi na kuwasaidia wanapohitaji. Mzazi mwenye busara huzisoma ibara hizo mbili pamoja. Mtoto anayecheza tu huku wazazi wanabeba tofali hajalelewa. Na mtoto anayebeba tofali tu, asiyeachiwa nafasi ya kubuni chochote, amegeuzwa kibarua wa nyumbani kwao.

Hapo ndipo makosa mawili yanapozaliwa. Wapo wazazi wanaoiona likizo kama nguvukazi ya bure. Mtoto huamshwa alfajiri kuchota maji mtoni, huchanganya udongo hadi jua kali, husogeza tofali hadi magharibi, kesho hivyohivyo, mpaka shule inafunguliwa. Wengine humpeleka kwa jirani akawe saidia fundi ili arudi na hela. Sheria imeweka umri wa miaka 14 kuwa wa chini kabisa kwa mtoto kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia shule. Kubeba zege si kazi nyepesi. Kosa la pili ni la wanaomfukuza mtoto kabisa: "Ondoka hapa, utaharibu, nenda kacheze huko." Anakwenda kuzurura mwaloni, na nyumba anayolala inatengenezwa bila yeye kujua hata msumari umepigwa wapi. Huyu naye amenyimwa. Nyumba ya kwao ingekuwa shule yake ya kwanza ya ufundi.

Na katika yote hayo, binti huumia zaidi. Mafundi wakija wanakula. Anayepika ugali na dagaa wa watu wanane ni mama na binti. Maji ya kuchanganyia udongo, maji ya kunywa, maji ya kuoshea vyombo, yote hupita kichwani mwa binti. Kaka yake anaweza kupewa nyundo ajaribu, akasifiwa. Ukimuuliza binti kwa nini mkeka wake wa mwaka jana haujaisha, atakuambia nyumba ilikuwa inatengenezwa. Baba anayetaka kutenda haki katika msimu huu aanzie hapo: agawe kuchota maji kwa wote, na binti naye ashike uzi wa timazi aone ukuta unavyonyooshwa.

Basi ifanyweje? Nitasema niyaonayo yanawezekana katika nyumba ya kawaida ya kwetu.

Usiku wa kuamkia siku ya fundi, keti na watoto uwaeleze chumba gani kitaguswa na kwa muda gani. Kila mmoja alete kazi yake. Ncha ya ukili ifungwe kwa uzi, ukili uviringishwe na kutiwa ndani ya mfuko wa sandarusi. Udongo wa kufinyangia ufunikwe kwa kitambaa chenye maji usikauke. Gari la waya litundikwe juu ya mti ambao hakuna atakayeupita na ngazi. Vyote vipewe mahali pamoja panapojulikana, ndoo yenye mfuniko au kona ya jiko la nje, na fundi aambiwe kwamba hapo pana mali ya watu. Jambo hili huisha kabla chai haijapoa, na mtoto atalikumbuka.

Ukarabati wenyewe upangwe kwa kipimo cha mfuko. Nyumba nyingi huezuliwa nzima kwa siku moja, hela ikaishia kwenye mbao, na familia ikakaa chini ya turubai hadi mavuno mengine. Hapo hakuna kinachosalimika, iwe usingizi, daftari au mkeka. Anayekwenda chumba kwa chumba huchelewa kumaliza, lakini kila siku familia yake ina pa kulala na mtoto ana pa kukaa na kazi yake.

Mpe mtoto sehemu ya kweli katika ujenzi, inayolingana na umri. Wa miaka saba anaweza kuhesabu mabati na kuokota misumari iliyoanguka. Wa kumi anaweza kukanyaga udongo kwa miguu hadi ulainike, kazi ambayo watoto wanaipenda bila kulazimishwa. Wa kumi na mbili anaweza kunyoosha misumari ya zamani juu ya jiwe: anaulaza msumari mgongo juu, anaugonga taratibu huku akiuzungusha, anaunyanyua usawa wa jicho, anaugonga tena. Anayeweza kunyoosha msumari bila kuukatisha ameshajifunza subira ambayo mahubiri yangu hayawezi kumpa. Lakini asipandishwe kwenye kenchi. Asishike saruji mbichi wala chokaa kwa mikono mitupu, kwa sababu huunguza ngozi. Asitumwe kubomoa ukuta mkuukuu ambamo nge na nyoka wamefanya makazi. Msumari wenye kutu ukimchoma, apelekwe zahanati kwa ajili ya pepopunda, siku hiyohiyo. Na shimo lililochimbwa udongo lifukiwe au lizungushiwe miiba, maana mvua zikirudi litajaa maji, litazalisha mbu, na laweza kumzamisha mdogo wake.

Kisha kila siku iwepo saa ya mtoto. Jua likianza kupoa na fundi akikusanya mwiko na pima maji, mtoto arudishiwe kazi yake, na asitumwe popote hadi giza liingie. Saa moja inatosha kuufanya ukili usonge mbele kwa shibiri. Muhimu ni kwamba ameahidiwa na ahadi imetimizwa.

Mwisho, mabaki yawe yake. Ujenzi huacha vipande vya bati, ncha za mbao, waya, udongo uliobaki na rangi chini ya kopo. Bati likatwe na mkubwa na makali yake yakunjwe, halafu mtoto aachiwe abuni. Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru aliyezaliwa mwaka 1932, alipoanza kuchora Dar es Salaam karibu na mwaka 1968 hakuwa na turubai wala rangi za wasanii wa Ulaya. Alichora juu ya vipande vya ubao mwembamba kwa rangi za mafuta, zile zinazopakwa milango na baiskeli. Alifariki mwaka 1972, miaka michache tu tangu aanze, lakini mtindo wake ukabeba jina lake na hadi leo unalisha familia za wachoraji. Vitu alivyoanza navyo ni vilevile tunavyovifagia tukavichoma fundi akishaondoka. Sisemi kila mtoto wa Ilagala atakuwa Tingatinga, wala thamani ya kazi ya mtoto isipimwe kwa bei ya sokoni. Nasema hatuna haki ya kuamua mapema kwamba hatakuwa.

Najua lipo jibu la wengi: haya ni ya wenye nafasi. Mzazi anayetoka kuvuna michikichi tangu asubuhi, anayefikiria deni la mabati na ada ya mkubwa, hana nguvu ya kufikiria ukili wa mdogo. Naliheshimu jibu hilo, kwa sababu uchovu ni wa kweli. Lakini niliyoyataja hayadai fedha. Uzi wa kufungia ncha upo, mfuko upo, mti upo, mabaki yapo. Kinachodaiwa ni neno moja usiku na jicho moja jioni. Maskini ana sababu zaidi ya kufanya hivyo kuliko tajiri, kwa kuwa mtoto wa tajiri akiharibiwa kitu hununuliwa kingine, na mtoto wetu alichonacho ni kile alichokitengeneza mwenyewe.

Mzazi mwenzangu wa Ilagala, na wewe wa Ujiji, Kalya au Kasulu unayesoma haya, kiangazi kinachokuja utatengeneza nyumba kama Mungu akijalia. Itengeneze vizuri, maana watoto wako wanastahili kulala pakavu. Kabla hujamwita fundi, muulize kila mtoto ana kazi gani aliyoianza na inahitaji nini isiharibike. Mpe jukumu katika nyumba, mlindie saa yake, na fundi akiondoka uhakikishe kile mtoto alichokianza amekimaliza. Nyumba utaitengeneza tena baada ya miaka michache, kwa sababu ndivyo zilivyo nyumba za kwetu. Utoto wa mwanao haurudiwi.